Jiko jipya la mkaa: uanze na soseji, baga, steki, samaki au mapaja ya kuku?

Jiko umeshaliunganisha, skrubu zimekazwa, wavu unang'aa na mfuko wa mkaa haujafunguliwa. Limebaki swali moja: upike nini kwanza? Wengi hujibu kwa kufuata kinachowatoa mate. Mpenzi wa steki anakwenda kununua steki, tena ile nene ya bei ya juu, na robo saa baadaye ameshaiharibu.

Mimi napima kwa kipimo kingine. Siku ya kwanza utakosea tu. Hujui jiko lako linashika moto kwa kasi gani, hujui upande upi una joto zaidi, wala hujui mkaa uliotia utadumu dakika 40 au saa moja na nusu. Kwa hiyo chakula cha kwanza nakichagua kwa kuuliza: nikikosea, kitanivumilia? Halafu nauliza la pili: kikiisha kuiva, nitakuwa nimelijua jiko langu kiasi gani?

Makosa yenyewe yanajirudia kwa karibu kila mwanafunzi wa mkaa. Anajaza mkaa hadi juu. Anaweka nyama kabla mkaa haujakolea. Anatandaza makaa chini ya wavu mzima, na mafuta yakidondoka na kuwaka hana pa kuisogeza nyama. Anaibandua kabla haijawa tayari kubanduka. Na mwisho anaitazama kwa jicho, anasema "hii imeiva." Vyakula vyote vilivyo hapa chini nimevipitisha kwenye makosa hayohayo.

Masharti ya wote

Ili ulinganisho uwe wa haki, moto uwe mmoja. Jiko jipya huchomwa kwanza likiwa tupu, kwa sababu chuma hutoka kiwandani na mabaki ya mafuta na vumbi ambavyo hutaki viingie kwenye chakula. Washa mkaa, funika, acha matundu ya hewa wazi, liache liwake kwa nusu saa au zaidi kidogo. Kijitabu kilichokuja na jiko kikisema vinginevyo, kifuate. Harufu kali ikiisha, sugua wavu na uupake mafuta ya kupikia kidogo kwa karatasi iliyoshikwa na koleo.

Mkaa wa vipande vya mti hushika haraka na kutoa joto kali, ila vipande havilingani: kimoja kama ngumi, kingine kama kidole, na joto nalo linakuwa hivyohivyo, la kuyumba. Briketi, yaani mkaa uliosagwa na kushindiliwa kuwa vipande vinavyolingana, huchelewa kushika lakini huwaka kwa usawa na kwa muda mrefu. Kwa siku ya kwanza nachagua briketi bila kusita. Lile kopo refu lenye matundu chini, la kuwashia mkaa, hukuwezesha kufika unapotaka kwa karatasi mbili tatu tu. Baada ya dakika 15 hadi 20 makaa ya juu yanakuwa yamevaa majivu ya kijivu, na hapo ndipo unapoyamwaga. Petroli isikaribie kabisa. Na jiko la mkaa ni la nje, hata mvua ikinyesha, hata makaa yakionekana yamezimika, maana gesi ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi ya kukuonya.

Ukiyamwaga makaa, yarundike nusu moja ya jiko na nusu nyingine iache tupu. Hili lina uzito kuliko kiungo chochote utakachonunua. Upande wa makaa ni wa kubabua na kutia rangi. Upande mtupu ni wa kuivisha taratibu na wa kukimbilia mambo yakiharibika. Pima kwa kiganja, sentimita 10 hivi juu ya wavu. Ukilazimika kuuondoa mkono baada ya sekunde 2 au 3, moto ni mkali. Ukivumilia 5 au 6, ni wa wastani. Ukifika 8 na zaidi, ni wa polepole.

Haya, tuingie kwenye chakula.

Soseji

Soseji zinaonekana rahisi, na hapo ndipo zinapomdanganya mtu. Zilizokwisha kuivishwa kiwandani unazipasha tu na kuzitia rangi. Haziwezi kukushinda, lakini pia hazikufundishi kitu. Soseji mbichi ni habari nyingine. Ndani zimejaa mafuta, nje zimefungwa kwa ngozi nyembamba. Ukizianzishia juu ya makaa, ngozi inapasuka, mafuta yanamwagika, miali inapanda, na unapata vijiti vyeusi vyenye nyama ya waridi katikati.

Dawa yake si kuzitoboa kwa uma, maana huko ni kuumwaga utamu kwa hiari. Zianze upande mtupu, jiko likiwa limefunikwa, kwa dakika 15 hadi 20, halafu zimalizie juu ya makaa dakika mbili tatu ukizigeuza. Ndani zifike nyuzi 71 za Selsiasi, au 74 kama ni za kuku. Kwa muda, soseji ni mvumilivu: dakika tano za ziada upande mtupu hazitaiua. Kwa miali, hana subira hata kidogo.

Baga

Baga inaiva kwa dakika 8 hadi 10, na kasi hiyo ndiyo sifa yake na ndiyo kasoro yake. Ukitaka wageni wale mapema, ni jibu zuri. Ukitaka kulijua jiko, karamu imekwisha kabla hujagusa tundu la hewa hata mara moja.

Nyama ya kusaga ina sharti ambalo kipande kizima hakina. Vijidudu hukaa juu ya nyama. Ukiisaga, cha juu kinaingia ndani. Steki ikibabuliwa nje inakuwa imesafishwa mahali penye hatari, ila baga lazima iive hadi katikati, nyuzi 71. Ukitumia nyama yenye mafuta karibu asilimia 20, itafika huko bila kuwa kavu kama kadibodi. Itengeneze iwe na unene wa sentimita 2, bonyeza kishimo katikati ili isivimbe kama mpira, na ikishakaa kwenye wavu iache. Kila anayebonyeza baga kwa mwiko ili "iive haraka" anakamulia mchuzi wake kwenye makaa, na makaa yanamjibu kwa miali. Ikigoma kubanduka, bado. Subiri dakika moja, itajiachia yenyewe.

Steki

Kuchoma steki si kazi ngumu. Tatizo ni kwamba mlango wake ni mwembamba. Kati ya steki iliyolegea vizuri na ile iliyokauka kuna dakika moja au mbili, hasa ikiwa nyembamba, na siku ya kwanza dakika hizo mbili utakuwa unatafuta koleo lako. Kipimo cha usalama kinachotumiwa sana ni nyuzi 63 na kupumzisha dakika 3. Wengi huila chini ya hapo kwa kupenda kwao.

Kama moyo haukubali kitu kingine, nunua nene, sentimita 3 au 4, si nyembamba. Ivishe upande mtupu ukiwa umefunika hadi ikaribie joto unalolitaka, kisha ibabue juu ya makaa dakika moja moja kila upande. Unene unakupa muda wa kufikiri. Lakini bado nasema iache hadi safari ya tatu. Kosa la soseji linamezeka. La steki linakaa na mtu wiki nzima, na risiti iko mfukoni.

Samaki

Hapa nitakuwa mkali: hapana. Samaki ana ngozi inayong'ang'ania chuma, nyama inayovunjika, na wavu mpya ambao haujapata ule utando wa mafuta yaliyoiva juu yake ndio adui yake mkubwa. Wavu ukiwa moto sana, ukiwa safi, ukiwa umepakwa mafuta, na ngozi ya samaki ikiwa imefutwa maji yote, mambo huenda. Ila hayo ni masharti manne kwa mkupuo, na wewe bado unajifunza la kwanza. Ukimlaza kwenye karatasi ya alumini atasalimika, lakini hapo umempika kwenye karatasi. Moto wa mkaa ameusikia kwa mbali tu.

Mishikaki

Mishikaki ina wapenzi wengi na haki yao wanayo. Vipande vya sentimita 3, moto wa wastani hadi mkali, dakika 10 hadi 12, unageuza kila baada ya dakika mbili tatu. Inakupa kazi ya mikono, na mwanafunzi anapenda kazi ya mikono. Vijiti vya mti viloweke nusu saa, ingawa hata vikilowekwa ncha zitaungua, basi ncha zikae nje ya upande wa makaa. Kosa kubwa ni kuchanganya kwenye kijiti kimoja nyama, nyanya na kitunguu kwa sababu inapendeza kwenye picha. Nyanya ikiwa imeshakuwa rojo, nyama bado haijaanza. Kila kitu na kijiti chake.

Kidari au paja?

Watu wakisema "nitaanza na kuku," nauliza kuku gani, kwa sababu kidari na paja ni vyakula viwili tofauti kwenye moto, hata kama vilitembea pamoja.

Kidari hakina mafuta ya maana wala utando mwingi wa kuyeyuka. Kinakuwa salama kwa nyuzi 74 na kinaanza kukauka palepale. Ukifika 80 unatafuna pamba. Tena kina umbo baya kwa moto: upande mmoja mnene kama ngumi, mwingine mwembamba kama kidole, kwa hiyo mmoja lazima uumie. Mimi chakula changu cha kwanza kwenye mkaa kilikuwa vidari vinne, nimevipaka mchuzi mzito wenye asali tangu mwanzo, vyote juu ya makaa. Dakika nane vilikuwa vyeusi kabisa. Nilipokata kimoja kilikuwa mbichi ndani. Tulivimalizia kwenye oveni, na jiko langu jipya likabaki nje linawaka peke yake kwa fahari zake zote.

Paja lenye mfupa na ngozi ni mnyama mwingine. Lina mafuta, lina ngozi inayolilinda, na lina utando ule mgumu unaoyeyuka na kuwa laini kadiri joto linavyopanda. Salama yake nayo ni nyuzi 74, lakini utamu wake uko mbele zaidi, kati ya 80 na 85. Fikiria maana ya hilo kwa mtu anayejifunza: kidari kinakuadhibu ukipitiliza, paja linakushukuru. Una nafasi ya nyuzi 10 hivi ya kukosea, na kosa lenyewe ni la upande mzuri. Sioni chakula kingine cha siku ya kwanza chenye nafasi pana hivyo.

Na linafundisha. Paja linakaa motoni dakika 35 hadi 45, muda wa kutosha kufunga tundu la chini nusu na kuona joto likishuka, kulifungua na kuliona likipanda, lakini si mrefu kiasi cha kukulazimisha kuongeza mkaa katikati. Utatumia upande mtupu, utatumia upande wa makaa, utatumia kifuniko. Hicho kifuniko usikidharau. Mwaka 1952 George Stephen, aliyefanya kazi Weber Brothers Metal Works huko Chicago, kiwanda kilichokuwa kikitengeneza maboya ya chuma, alikata boya katikati ili apate jiko la duara lenye kifuniko, kwa kuwa alichoshwa na upepo na majivu vilivyoharibu nyama yake kwenye jiko la wazi. Ukifunika, jiko linakuwa oveni yenye moshi. Ukifunua, linakuwa moto tu.

Mboga, mahindi na mkate

Hivi havihesabiwi kuwa mlo, na ndiyo maana vinafaa kuwa msaidizi. Mahindi yaliyomenywa huiva kwa dakika 10 hadi 15 ukiyageuza. Bilinganya na vitunguu vikikatwa vipande vinene na kupakwa mafuta haviogopi kitu. Halafu kuna ujanja wa mkate: kabla ya kuweka nyama, panga vipande vya mkate juu ya wavu wote, subiri dakika moja au mbili, vigeuze. Vilivyoungua, vilivyopata rangi na vilivyobaki vyeupe vinakuchorea ramani ya jiko lako. Hakuna somo la haraka zaidi ya hilo.

Mbavu na kuku mzima

Siku nyingine. Mbavu zinataka saa kadhaa za moto mdogo na mkaa wa kuongeza. Kuku mzima wa kilo moja na nusu anataka zaidi ya saa moja na mkono usiofunua kifuniko kila dakika tano.

| Chakula | Muda motoni | Joto la ndani | Ukikosea kidogo |
|---|---|---|---|
| Soseji mbichi | dakika 17–23 | 71 (kuku 74) | kinavumilia muda, hakivumilii miali |
| Baga | dakika 8–10 | 71 | inaliwa, ila hujajifunza mengi |
| Steki nene | dakika 20–30 | 63, pumzisha dakika 3 | unalia |
| Samaki mzima | dakika 10–20 | 63 | nusu inabaki kwenye wavu |
| Mishikaki ya ng'ombe | dakika 10–12 | 63 | inakuwa migumu, inaliwa |
| Kidari cha kuku | dakika 12–20 | 74 | kinakauka |
| Paja lenye mfupa | dakika 35–45 | 74, bora 80–85 | hakuna anayejua ulikosea |

Kwa hiyo nani aanze na nini?

Jiko lako likiwa na kifuniko na una kipimajoto cha nyama, anza na mapaja. Likiwa halina kifuniko, mapaja yenye mfupa yatakusumbua kwa sababu joto linapotea juu. Chukua mishikaki, ya ng'ombe au ya paja la kuku lisilo na mfupa, ila ya kuku ifike 74. Kama huna kipimajoto na huna mpango wa kununua, kaa mbali na kuku na baga siku hiyo, tumia soseji zilizokwisha kuivishwa na mboga, kwa sababu rangi ya nyama haikuambii ukweli kuhusu usalama wake. Na kama una watu kumi wenye njaa wanaokusimamia mgongoni, soseji za kupasha zitangulie ili wanyamaze, mapaja yafuate.

Mapaja yenyewe yaende hivi. Manane yanatosha jiko la ukubwa wa kati. Yafute maji vizuri, tia chumvi na pilipili manga saa moja kabla, yaache kwenye friji bila kufunikwa ili ngozi ikauke. Yapange upande mtupu, ngozi juu, yasigusane. Funika, tundu la kifuniko likae juu ya nyama, si juu ya makaa, ili moshi na joto vipite hapo vikitoka. Tundu la juu liache wazi. Joto lidhibiti kwa la chini. Usifunue kabla ya dakika 20. Hapo zungusha yaliyo karibu na makaa yabadilishane nafasi na yaliyo mbali, funika tena.

Kuanzia dakika ya 30 anza kupima, ncha ya kipimajoto ikae kwenye nyama nene bila kugusa mfupa, maana mfupa hukudanganya. Yakifika 78 hivi, yageuze juu ya makaa, ngozi chini, dakika mbili au tatu, ukisimama hapohapo. Miali ikipanda, rudisha nyama upande mtupu na ufunike. Moto ukikosa hewa unatulia. Maji usimwage, utarusha majivu na mafuta yanayowaka. Mchuzi wenye sukari, ukiutaka, ni wa dakika tano za mwisho, na sahani iliyobeba nyama mbichi isirudi mezani.

Mapaja yanapopumzika dakika tano, makaa bado yana kazi. Weka vile vitunguu na bilinganya upande wa moto, fungua tundu la chini lote, utazame joto linavyorudi. Vikishatoka, funga matundu yote, juu na chini. Makaa yatakufa kwa kukosa hewa, na yaliyobaki mazima utayachanganya na mapya wakati ujao. Majivu yakae humohumo hadi yapoe kabisa, siku nzima au mbili, ndipo uyatoe kwenye chombo cha chuma.